Mashine Isiyosikia Ndege

Mama Dobi alivalishwa mashine ya masikio asubuhi, na jua lilipotua alikuwa amekwisha kugombana na nusu ya mtaa.

Si kwamba alikuwa mgomvi. Ni kwamba kwa miaka mingi watu walizoea kusema lolote mbele yake, kama vile mtu anavyosema mbele ya kabati. Mitambo ya kufulia ya hospitali, ambayo aliitumikia mpaka akastaafu, ilimwachia pensheni kidogo na uziwi mwingi. Kila jirani alijua: ukitaka akusikie, piga kelele, usipotaka, sema tu. Sasa alikuwa ameketi kwenye benchi la duka, kifaa kidogo kimejibanza nyuma ya sikio chini ya kilemba, na mwenye duka akamwambia mteja, “Msogelee huyo kikongwe polepole, asije akatuangukia hapa tukapata kesi.”

“Kikongwe ni mama yako,” akasema Mama Dobi bila kugeuza shingo. “Na huo mzani wako nausikia unavyolia. Unalia kwa sababu una dhambi.”

Mwenye duka alibaki na kibaba cha sukari hewani. Habari ilikimbia kuliko moto wa nyasi, na kabla ya adhuhuri watu walianza kukumbuka, kwa jasho jembamba, waliyoyasema mbele ya Mama Dobi tangu uziwi ulipomshika.

Nyumbani aliyehangaika zaidi ni mke wa mwanawe. Yeye alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na nguo zake huku akishona. Mumewe aliporudi kutoka kazini alimvuta nyuma ya pazia.

“Nisaidie kukumbuka. Nimewahi kusema nini mbele ya mama?”

“Mengi,” mumewe akajibu.

“Lile la kukoroma?”

“Na la meno. Na lile la mwaka ule, uliposema Mungu amesahau kumchukua.”

“Ee mama yangu! Si hakulisikia?”

“Hakulisikia. Lakini kuanzia leo, mke wangu, shona kimya.”

Wote wawili wakaziba midomo kwa pazia, wakacheka mpaka fimbo ya pazia ikang'oka.

“Nasikia mnacheka!” Mama Dobi akaita kutoka sebuleni, kwa fahari kubwa. “Nimesikia na fimbo imeanguka!”

Mwanawe alitoka akamkumbatia. Alikuwa nyapara wa msitu, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, na jina alilopewa na vibarua wake lilikuwa Fagio. Aliuza pikipiki yake kununua mashine ile, na tangu siku hiyo alikuwa akienda kazini kwa miguu huku vibarua wakimpita kwa baiskeli wakipiga kengele. Hakujali. Mkuu wa Msitu alikuwa ametangaza zawadi ya pikipiki mpya kwa nyapara ambaye eneo lake lingekutwa safi kuliko yote siku ya ukaguzi. Na kwa usafi, Fagio hakuwa na mpinzani. Katika eneo lake mti ukikauka uliangushwa, tawi likianguka liliondolewa, kichaka kikitoa kichwa kilifyekwa. Majani makavu yalikusanywa. Mashina yalisimama kwa mstari kama askari kwenye gwaride, na chini yake ungeweza kutandika mkeka ukalala bila kuota takataka.

“Nitarudi na pikipiki, mama,” akamwambia. “Na wewe nitakupakia.”

“Usipige kelele,” akasema mama yake. “Mimi si kiziwi.”

*

Kesho yake, kabla hata chai haijachemka, Mama Dobi alitoa kiti nje, akakiweka pale ukuta wa ua unapopakana na msitu, akajitanda khanga, akasubiri. Fundi cherehani alimtazama kupitia dirishani. Jua likapanda. Mama mkwe akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, akaitoa mashine, akaipulizia, akairudisha. Mwisho aliingia ndani amenuna.

“Mashine ni mbovu.”

Fagio alikuwa anafunga kamba za buti. “Mama, unanisikia?”

“Nakusikia.”

“Basi inafanya kazi.”

“Inasikia watu. Haisikii ndege. Nyumba hii hii, nilipokuwa natoka zamu ya usiku nikitaka kulala, ndege walikuwa hawaniachi. Alfajiri yote kelele, utadhani soko. Niliwahi kuwarushia kiatu, nikakosa kiatu na ndege. Leo nimekaa hapo nje nimesikia jogoo wa jirani na kunguru wawili. Kunguru! Umeuziwa mashine ya kunguru.”

“Mama, niliuza pikipiki!”

“Ndiyo maana wakakuona bwege. Irudishe wakurudishie pesa zako.”

Macho ya fundi cherehani yaling'aa. Mashine ikirudi, pikipiki itarudi, na cherehani yake itapata tena uhuru wa kuongea.

Lakini Mama Dobi hakungoja. Alipitia dukani, akawaeleza waliokuwapo, na wao wakawaeleza ambao hawakuwapo. Mchana kibarua mmoja alimsimamisha Fagio msituni mbele ya wenzake. Akashika kifungo cha shati lake mwenyewe, akakiweka sikioni, akauliza kwa adabu kubwa, “Nyapara, hiki nacho unakibadilisha kwa pikipiki?” Kundi zima likaanguka chini. Fagio alicheka pamoja nao, kwa kuwa asingecheka wangemcheka zaidi. Ila njiani kurudi alipiga teke kila jiwe aliloliona.

*

Fundi wa masikio alikuwa mwanamke mwenye miwani na subira ndogo. Chumba chake kilikuwa na kuta zilizobandikwa magodoro ili sauti ya nje isiingie. Alimketisha Mama Dobi humo, akamwambia anyooshe kidole kila akisikia mlio. Mlio mzito, kidole. Mlio mwembamba, kidole. Mlio mwembamba kama unywele, ambao Fagio mwenyewe hakuusikia, kidole kikapanda juu kama cha mwanafunzi mwenye jibu.

“Ndege analia hivi?” fundi akauliza.

“Hivyo hivyo.”

“Basi mashine haina kosa.”

“Basi kosa unalo wewe,” akasema Mama Dobi.

Fundi wa masikio alivua miwani. “Mama, nimewavalisha watu mashine hizi tangu nikiwa sina mume, leo nina wajukuu. Hakuna iliyowahi kurudishwa kwa kusingiziwa. Kesho sifungui. Nitakuja kwenu. Nitasimama hapo unaposimama wewe, nisikilize kwa masikio yangu.”

Alikuja kweli, saa moja asubuhi, na viatu vya raba. Fagio akaona heri awapeleke ndani kabisa ya msitu, penye miti mirefu, ili mambo yaishe. Fundi cherehani akafuata nyuma na gauni lake jipya la kutembelea, akisema kwamba yeye ndiye atakayeshuhudia pesa zikirudi.

“Lo!” fundi wa masikio akasema walipofika. “Pazuri kama sebule!”

Fagio akavimba kifua. “Hakuna hata kijiti.”

“Haya, tunyamaze.”

Wakanyamaza. Jua lilipenya katikati ya mashina, likaanguka kwenye udongo mtupu. Upepo ukapita juu. Wakanyamaza tena. Fundi wa masikio aligeuka upande huu na upande ule, mkono nyuma ya sikio lake.

“Mama,” akasema taratibu, “hata mimi sisikii kitu.”

Fagio alikohoa. Kila siku alikuwa humu na misumeno ya mashine, mapanga na makelele ya vibarua. Hakuwa amewahi kusimama kimya. Sasa ule ukimya ulimtambaa shingoni kama mdudu.

“Labda wamelala,” akasema.

“Ndege? Saa hizi?”

“Labda wamekwenda kula.”

“Wale nini?” mkewe akadakia. “Umefagia hata wadudu. Na wakae wapi? Tazama hapa palivyo wazi. Mimi mwenyewe tangu tulipofika natafuta pa kujisaidia, sioni hata kichaka cha kunificha goti. Ndege naye ana haya zake.”

Fundi wa masikio aliangua kicheko mpaka akashika mti. Mama Dobi alicheka. Fagio peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama miti yake iliyopangwa, yote ya umri mmoja, yote isiyo na tundu, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama yeye angekuwa ndege angetua wapi.

Ghafla Mama Dobi aliinua mkono. “Shhh. Nini kile?”

Hawakusikia kitu.

“Kule,” akasema, na tayari alikuwa anatembea.

Fagio alipoona anaelekea wapi alikimbia kumzuia. “Mama, kule hapana! Ng'ambo ya korongo kuchafu. Daraja limeoza zamani, hatujawahi kwenda. Kule ni aibu yangu, mama!”

“Aibu yako inaimba,” akasema mama yake.

Ukingoni kabisa, wote walisikia. Korongo halikuwa na kina kirefu, ila hapakuwa na daraja. Palikuwa na gogo moja tu, lililoanguka lenyewe na kuunganisha ng'ambo mbili. Mama Dobi alilipanda kama farasi, mguu huku na mguu huku, akaanza kujisogeza kwa makalio. Mwanawe alimfuata nyuma akimshika kiuno. Fundi wa masikio alimfuata Fagio, miwani ameing'ata kwa meno. Fundi cherehani alikuwa wa mwisho, na katikati ya safari ikasikika nguo ikichanika, ndefu, kutoka pindo hadi kiunoni.

“Msigeuke!” akapiga yowe. “Anayenipenda asigeuke!”

Walifika ng'ambo wakiwa wamelegea kwa kucheka, na kicheko kilipoisha ndipo walipopigwa na kelele zenyewe.

Mahali pale hapakuwa na mstari hata mmoja. Miti mizee ilisimama na mitoto yake, mimea inayotambaa ilipanda mmoja na kushukia mwingine, magogo yaliyooza yalilala huku yameota uyoga, na majani makavu yalifika vifundoni. Na kila ghorofa ya vurugu ile ilikuwa na wapangaji wake. Chini, kitu kilichakura majani. Kwenye vichaka kurumbiza alikuwa anaita, mwenzake anajibu. Dudumizi aliguna kama mtungi unaomiminwa maji. Chozi, ndege wadogo kama kidole gumba, walirukaruka kwenye maua. Juu, kwenye mti mkavu usio na jani, kigogota alikuwa anagonga, ko-ko-ko-ko, kama fundi seremala aliyechelewesha kitanda cha harusi.

Mama Dobi alisimama ameachama. Machozi yalimtoka na huku anacheka, mkono mmoja kifuani. Kisha uso ukamkunjamana.

“Punguza!” akalia. “Fundi, punguza mashine! Wananiua hawa!”

Fundi wa masikio alikizungusha kitufe huku akicheka. “Mashine mbovu, eh? Mashine mbovu!”

“Si mbovu, mwanangu. Nisamehe. Punguza kidogo tena.”

Hondohondo alitua kwenye mti mzee, domo lake kubwa limebeba tunda. Alilipenyeza kwenye ufa mwembamba wa tundu lililozibwa kwa udongo, na ncha ya domo jingine ikatoka ndani ikalipokea.

“Humo ndani kuna nani?” fundi cherehani akanong'ona, ameshikilia gauni kwa nyuma.

“Jike,” Fagio akasema. Hayo aliyasikia kwa baba yake, zamani, akayasahau. “Hujifungia humo na mayai. Dume humlisha mpaka watoto wakue.”

“Anakaa ndani, analetewa?”

“Ndiyo.”

“Mume wangu, umeona lakini? Umeona vizuri?”

Fagio alikaa juu ya gogo lililooza. Miti mikavu ilikuwa na matundu, na yeye miti mikavu yote aliiangusha. Vichaka vilikuwa na viota, na vichaka alivifyeka. Hakuna aliyemshtaki. Mama yake alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kufuata kelele. Na Jumatatu, vibarua wake walikuwa wanakuja huku na mapanga. Mbao za daraja zilikwisha kuletwa. Mkuu wa Msitu alisema wazi: eneo lote, na kule ng'ambo ndani yake.

*

Usiku ule mume na mke waliongea kitandani kwa kunong'ona, maana masikio yalikuwa chumba cha pili.

“Vichaka huleta moto,” Fagio akasema. “Sikufyeka kwa ujinga.”

“Sikusema ni ujinga.”

“Barabara ya kuzuia moto itabaki. Ile siachi. Lakini kule…” Akageukia ukutani. “Nikikusafisha, pikipiki ni yangu. Nisipokusafisha, nitatembea mpaka nizeeke.”

Mkewe alimsukuma mguu kwa mguu wake. “Miguu yako mizuri,” akasema. “Nilikupendea hiyo.”

“Na gauni?”

“Gauni nitalishona. Mimi ni nani?”

“Nasikia!” sauti ikatoka chumba cha pili. “Lake lisiposhoneka achukue kitambaa changu kile cha maua!”

Jumatatu vibarua walimkuta Fagio amekaa juu ya zile mbao za daraja, mikono kifuani. Aliwarudisha wakapalilie miche kitaluni. Walidhani anaumwa.

*

Siku ya ukaguzi Mkuu wa Msitu alikuja na viatu vilivyong'aa, msafara wa manyapara, na pikipiki yenyewe nyuma ya gari, imevishwa utepe. Mkuu alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa na tabia ya kusema “Eeh?” kwa kila sentensi, na manyapara walikuwa wamejifunza kusema kila jambo mara mbili bila kuulizana kwa nini. Karibu naye alitembea Nyapara Mnene wa eneo jirani, mshindani wa Fagio, ambaye alikuwa amefyeka mpaka ukoka.

Mkuu alilikagua eneo la Fagio akatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka walipofika ukingoni.

“Na ng'ambo?”

“Sikukusafisha, Mkuu.”

“Eeh?”

“Sikukusafisha! Sikukusafisha kwa makusudi. Ndege wote wa msitu huu wamehamia kule, kwa sababu huku nimewavunjia nyumba mimi. Naomba kule kuachwe. Na huku naomba niache sehemu zijiotee, na miti mikavu isimame, isipokuwa ile ya kando ya njia inayoweza kumwangukia mtu.”

Manyapara walitazamana. Mkuu alisogea ukingoni, akasikiliza, akakunja uso.

“Ndege gani? Sisikii ndege yeyote.”

Ng'ambo kurumbiza alikuwa anaimba kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Hapo ndipo Mama Dobi, ambaye alikuja na mkwewe kuona pikipiki ikigawiwa, alipopenya katikati ya msafara. Akaingiza mkono chini ya kilemba, akatoa mashine, akaipangusa kwa khanga, akampa Mkuu wa Msitu.

“Vaa, baba. Usione haya. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.”

Uso wa Mkuu ulibadilika rangi. Alitazama kifaa, akatazama watu wake, na watu wake wote wakatazama buti zao. Kisha, pengine kwa kuchoka kusema “eeh,” akakivaa. Kikapiga mluzi mkali.

“Ndege huyo!” akapiga kelele kwa mshtuko.

“Hapana, hiyo ni mashine,” akasema Mama Dobi. “Isukume ndani.”

Akaisukuma. Mluzi ukakatika. Mkuu wa Msitu alisimama pale ukingoni kama mtu aliyefunguliwa mlango, mdomo wazi. Alianza kutabasamu. Na nyuma yake Nyapara Mnene akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ile ile aliyoizoea kila siku, “Kiziwi kampata kiziwi mwenzake.”

Mkuu aligeuka polepole.

“Nimesikia,” akasema.

Fundi cherehani alilazimika kwenda nyuma ya mti, na bahati mbaya mti ulikuwa mwembamba, watu wote wakamwona anavyotetemeka kwa kicheko.

Hata hivyo Mkuu alikuwa mtu wa haki. Alirudisha mashine kwa mikono miwili, akapanda juu ya zile mbao za daraja, akasema shindano lilikuwa la usafi, Fagio ameshindwa, na pikipiki ni ya Nyapara Mnene, pamoja na barua ya onyo kwa ajili ya ulimi wake. Kule ng'ambo kusiguswe. Zile mbao zijenge choo cha vibarua. Na Fagio aache sehemu anazotaka ziote, waone baada ya mvua. Kabla ya kupanda gari alimvuta Fagio kando.

“Hiki kitu,” akanong'ona, “kinauzwa wapi?”

Nyapara Mnene aliondoka na pikipiki yenye utepe, na Fagio akaondoka kwa miguu, mama yake kushoto, mkewe kulia. Moyo ulikuwa umemwuma kidogo, asidanganye mtu. Lakini walipofika kwenye kona mkewe alisema tu, “Isukume ndani,” na wote watatu wakaketi kando ya njia, hawawezi kutembea kwa kicheko.

*

Mvua zilikuja, zikaenda, zikaja tena. Sehemu zilizoachwa ziliota ovyo, mkono ukamwasha Fagio kila alipoziona. Mara mbili mkewe alimkuta ameshika panga akamnyang'anya. Vibarua walilalamika kwamba nyapara wao amekuwa mvivu. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu ila panzi na utando wa buibui.

Asubuhi moja Mama Dobi alimwita kwa mkono kutoka kwenye kiti chake cha ukutani, bila sauti, kama anayeogopa kumwagika. Fagio alisogea na kikombe cha chai. Ndani ya kichaka, hatua chache tu kutoka uani, ndege mmoja alikuwa anaimba. Sauti tatu zilizopanda, moja iliyoshuka, kimya kidogo, kisha tena, na kila mara kama ndiyo kwanza anaubuni wimbo ule.

Walisikiliza mpaka chai ikapoa.

“Ndege gani huyo, mama?” Fagio akanong'ona.

Mama Dobi alifikiri sana. “Sijui,” akasema. “Mimi nilikuwa dobi. Nilikuwa nawatukana tu.”

Wakacheka, wamefumba vinywa kwa viganja wasije wakamtisha. Kichakani ndege akanyamaza, akawapima, akaanza upya.